Kwa Christophe-Aimé: Tumempata Mwimbaji Wako

Ni mwaka mmoja sasa tangu kiti chako cha redioni kibaki kitupu, Papa Christophe-Aimé Niyonsenga. Tulikusudia kukuandikia kwa utulivu, kama familia zinavyowaandikia watu wao. Tumeshindwa. Tuna habari, na zinatuwasha ulimi tangu Jumapili. Tumempata mwimbaji wako.

Tulia kwanza. Tutakueleza kila kitu kwa mpangilio, maana na majirani wanasoma, na wengine hawajui tunazungumzia nini.

Kwa wasiokujua, kama wapo hapa Kamembe, wewe ulikuwa mwandishi wa habari za muziki. Kila Jumapili alasiri ulikaa redioni ukawapigia watu wa Rusizi, na wa Bukavu ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, reggae na muziki wa Afrika nzima. Ulipiga rumba, ukapiga inanga, zeze la wazee wetu, ukapiga nyimbo za harusi ulizozirekodi mwenyewe huko Bweyeye baada ya kutembea mpaka viatu vikafunguka midomo. Walikuwepo waliodhani kipindi cha reggae ni kipindi cha bangi. Wewe hukuvuta hata sigara. Ulikuwa ukiwaambia kwamba Urasta ni kumheshimu mtu, kuheshimu ardhi na kujua unachokula, kisha ukawapigia wimbo mwingine.

Tukifika kwenye chakula, kuna jambo inafaa ulijue. Jumapili ulikula bila chumvi, kirasta, na ukakisifu chakula hicho mbele ya wageni. Papa, Maman alikuwa anatia chumvi. Kidogo tu. Wewe ulikuwa unaomba uongezewe.

Tunazikumbuka rasta zako, zilizofika kiunoni, ambazo Bibi Mukantabana, mama yako, alizisalia novena baada ya novena ili Mungu akuletee mkasi. Siku ya msiba watu fulani walinong'ona kwamba afadhali ukatwe nywele kabla ya kuingizwa kanisani. Bibi aliwasikia. Akasimama na fimbo yake, akasema, "Iyi nywele ni ya mutoto wangu. Mwenye ataigusa, atanizika na miye." Hakuna aliyegusa. Ulikwenda na rasta zako zote, na yeye mwenyewe ndiye aliyezipanga mabegani pako.

Na tunakumbuka kwamba hukusema wimbo ukiendelea. Watangazaji wengine wimbo haujamaliza salamu wameshaanza kupiga kelele. Wewe ulingoja mpaka sauti ya mwisho ife kabisa. Gasana, mkuu wako wa redio, alikulalamikia kwamba unaacha kimya hewani. Ukamjibu, "Wimbo ni muntu, Gasana. Akiwa anasema, weye unyamaze." Gasana bado anayarudia maneno hayo kama ni yake. Tumemwacha.

Sasa tuingie kwenye kaseti.

Uliinunua sokoni Kamembe, kwenye rundo la kaseti chakavu, haina jina wala picha. Ndani kulikuwa na wimbo mmoja wa reggae, wa Kiswahili chetu cha huku, umerekodiwa mvua ikipiga juu ya mabati. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyechoka lakini asiyekubali kukaa chini. Alikuwa anaimba, "Muto haiulizake kitambulisho, inapita tu." Kwa watu wanaovuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, kama Maman na vitenge vyake, maneno hayo hayahitaji maelezo. Ulituita sote redioni tusikilize. Ulikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Uliinakili kaseti hiyo mara moja tu, kwenye mashine ya zamani ya redioni, ukauingiza wimbo kwenye kompyuta. Kuanzia hapo ulichowapigia watu ni ile nakala tu. Kaseti yenyewe uliificha nyumbani ndani ya soksi, na ukatukataza tusiiguse isije ikakatika.

Miaka mingi ulifunga kipindi kwa wimbo huo. Na ulipokwisha ulisogea kwenye maikrofoni ukasema: "Papa, weye mwenye kuimba hii wimbo, uko wapi? Siku nitakupata, utakuya hapa, utaimba weye mwenyewe, na batu bote ba Rusizi na Bukavu batajua jina yako. Nimeahidi."

Wazee walikuja. Wewe unajua. Alikuja yule wa Giheke aliyeapa kwamba ni yeye, ukampa maikrofoni, akaimba mpaka mbuzi wa jirani wakajibu. Alikuja mwingine aliyedai ni marehemu kaka yake, ila hakukumbuka hata mstari mmoja. Hukumcheka yeyote. Uliwanunulia soda, ukawasindikiza hadi barabarani, na Jumapili iliyofuata ukauliza tena.

Halafu moyo wako ulisimama, Papa, Jumatatu asubuhi, unafunga kamba za viatu. Hatutasema zaidi kuhusu siku hiyo.

Juma la msiba lilipokwisha, Baba Mkubwa Niyitegeka alisimama, kama mkubwa wa ukoo anavyosimama, akauliza kama marehemu ameacha neno lisilotimizwa. Kwetu huulizwa mapema, ili watu wawe na mwaka wa kulitimiza kabla ya kuondoa matanga. Kisha Maman Odette akasema, "Kuko ile ya redio."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akasema hayo ni maneno ya redio tu, kila mtangazaji huahidi. Baba Mkubwa hakucheka.

"Neno ni neno," alisema. "Ahadi ni deni, ikuwe ya mu nyumba ao ya ku redio."

Maman akashika kitambaa cheusi alichofungwa kichwani. "Basi hii kitambaa sitaitoa mupaka ule muntu aimbe," akasema. "Bwana yangu hakuwaka mubongo, hakudanganyaka muntu. Sitaki bamuite mubongo wakati hana kinywa ya kujitetea."

Tulidhani ni uchungu unasema, na kwamba utapita. Wewe uliyekaa naye miaka yote hiyo ungetuonya. Mkaidi ni Maman. Alibeba kitambaa hicho miezi yote, juani sokoni na kwenye foleni ya mpakani. Harusi aliziacha. Ubatizo wa mtoto wa jirani alisimama nje ya uzio. Mjomba Mukengere, kaka yake, alivuka kutoka Bukavu kumsihi kwamba mwaka ukiisha umeisha, avue, arudi kwa watu. Maman alimpikia, akamsikiliza vizuri, akamsindikiza hadi darajani, na kitambaa kikabaki pale pale.

Kila mteja aliyekuja kununua kitenge alimwuliza kama anamjua mwanamume mmoja wa zamani aliyekuwa akiimba reggae, sauti nzito. Aliwauliza madereva wa malori ya saruji. Aliwauliza wakulima wa mpunga waliopanda kutoka Bugarama na magunia yao. Hakuna aliyemjua mtu huyo. Mwaka ulikuwa unayoyoma, Baba Mkubwa ameshapanga Jumapili ya kuondoa matanga, na sisi watoto, Jolie na Clarisse, tukawa tunamtazama Maman kwa pembe ya jicho, tunaogopa. Tulijua kwamba siku hiyo watu wote watakaa, wataulizwa, na yeye atabaki na cheusi chake kichwani, labda hadi uzeeni.

Basi Jumamosi moja, anasonga bugali, alituambia tumletee ile soksi.

Tulishtuka. Jolie akamkumbusha kwamba ulikataza.

"Mwenyewe hayuko," Maman akasema. "Nani atanigombeza? Ninataka nisikie tu hii wimbo mara moja, mu nyumba yangu, nipumuzike."

Tuliweka betri mpya kwenye redio-kaseti ya nyumbani, tukaweka kaseti, tukabonyeza. Mvua ikaanza juu ya mabati. Ikaja besi. Na ikaja sauti, Papa, na haikuwa ile.

Ilikuwa ya mwanamke. Msichana hasa, sauti nyembamba iliyonyooka, anaimba, "Muto haiulizake kitambulisho, inapita tu."

Clarisse alisema tumekosea kaseti. Tukaitoa, tukaitazama, tukairudisha. Mvua ile ile na maneno yale yale. Maman amesimama na mwiko hewani, amesahau kwamba kuna moto. Akakaa chini kwenye sakafu ya jiko, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na alikuwa akizungumza na wewe, si na sisi.

"Christophe, huyu ni mwanamuke. Miaka yote unaita Papa, Papa. Ni mwanamuke njo anaimba."

Bugali iliungua. Andika hilo mahali, Papa, maana haijapata kutokea katika nyumba hii.

Tulikwenda kwa Gasana siku hiyo hiyo, Maman mbele, sisi tunakimbia nyuma. Gasana aliitoa stoo ile mashine ya zamani, akaweka kaseti ya kwaya anayoijua vizuri. Kwaya ikaburuta miguu kama mlevi anayepanda mlima. Mpira unaozungusha mashine ulikuwa umelegea! Uliinakili sauti ya msichana kwenye mashine inayosinzia, akatoka mwanamume mtu mzima, na wewe ukampenda. Ungekuwa wimbo wa aina nyingine ungeshtuka. Lakini reggae, Papa? Reggae yenyewe haina haraka. Kadiri ilivyokwenda polepole ndivyo ulivyofunga macho na kusema, sikilizeni uzito huo. Ni Rasta tu angeweza kukosea hivi, na tulikucheka sana, na tulikupenda upya.

Jumapili, saa ya kipindi chako, Gasana alimkalisha Maman kwenye kiti chako. Yeye anayeweza kupiga kelele za bei sokoni hadi ng'ambo wasikie, mbele ya maikrofoni aliinama kama anayeungama kanisani.

"Bonjour," alisema. "Miye ni Odette, muke wa Christophe. Sijue kusema ku redio, munisamehe. Bwana yangu alitafuta mwanaume. Alikosea, mashine ilikuwa inatembea polepole. Mwenye kuimba ni mwanamuke. Maman, kama uko muzima, sikiliza. Ni weye."

Kisha akapiga wimbo kwa mwendo wake halisi. Ulipokwisha alikaa kimya, kama wewe, na Gasana safari hii hakulalamika.

Kesho yake, Jumatatu, jua halijapanda vizuri, pikipiki ilisimama mlangoni petu. Alishuka mama mmoja mnene, wa umri wa kuwa na wajukuu, amevaa medali ya Bikira Maria shingoni na tope la mpunga kwenye viatu. Hakusalimia.

"Ni miye," alisema. "Véronique Uwamariya, wa Bugarama. Na sikuya kwa salamu, nilikuya kugombana."

Maman akamkaribisha ndani agombane ameketi.

"Kila dimanche, siku ya kipindi, nilikuwa nasikia mwanaume anaimba wimbo yangu," Véronique akasema. "Nikasema, huyu ni mwizi. Na bwana yako anamutafuta kwa sifa. Nikasema, vizuri, acha bamutafute. Siku batamupata, nitapanda Kamembe nimushike mbele ya batu."

"Na uliingojea siku hiyo miaka yote?"

"Miye ni mulimaji wa muchele, Maman. Kungoja ninajua."

Papa, laiti ungeuona uso wa Maman. Mlikuwa wawili, wewe huku na yeye kule bondeni, mnamtafuta mtu mmoja ambaye hakuzaliwa.

Alitusimulia yote. Alikuwa msichana, na binamu yake alikuwa na redio-kaseti ya kurekodia. Waliimba ndani ya ghala la mpunga siku ya mvua kubwa, kaseti moja tu. Baba yake alipoisikia alimpiga, akasema reggae ni nyimbo za wahuni, akamuuzia mchuuzi kaseti hiyo pamoja na sufuria mbovu. Véronique aliolewa, akaingia kwaya ya parokia, na hakuutaja wimbo ule tena kwa mtu yeyote, hata kwa mume wake. Ila mpunga unapokuwa mchanga na hakuna mtu karibu, alisema, wimbo humponyoka mdomoni.

Maman akamweleza habari ya ahadi, ya Baba Mkubwa, ya Jumapili ya matanga, ya kitambaa. Akamwomba aje aimbe.

Véronique akatikisa kichwa. "Hapana. Ile ilikuwa sauti ya mutoto. Sasa ninaimbaka Alleluia, na ku nyuma ya bengine." Halafu akasema lile lililokuwa linamkwama. "Na bwana yako alipendaka ule mwanaume. Miye hakunijua. Nitaimba, watu watasema, kumbe ni huyu tu?"

Tulidhani Maman atambembeleza kwa maneno makubwa. Alisimama, akaenda jikoni, akarudi na ile sufuria ya bugali iliyoungua. Alikuwa amekwisha kuisugua siku nzima, lakini weusi bado umeng'ang'ania chini.

"Angalia," akasema. "Ule mwanaume nilimusikia kila dimanche, na bugali yangu iliivaka vizuri. Weye nilikusikia mara moja."

Véronique aliitazama sufuria. Akaishika, akakwaruza chini kwa ukucha, kama mama yeyote anavyopima uharibifu. Kisha akauliza Jumapili ni saa ngapi.

Alikuja na kwaya yake, wamebanana studio mpaka mlango haukufungika. Bibi Mukantabana aliletewa kiti. Baba Mkubwa Niyitegeka alikuja na koti la kanisani, kofia magotini, anaitazama mitambo yako kwa mashaka. Gasana alitangaza jina, polepole, mara mbili, kama ulivyokuwa umeahidi: Véronique Uwamariya. Kengele ya redio haikupigwa, tangazo halikuwekwa.

Hakuimba kwa sauti ya kaseti. Hakuimba kwa ile ya mwanamume wako pia. Ilikuwa katikati ya hizo mbili, Papa, pana, imekwaruzwa kidogo na miaka, na ilipofika kwenye ule mto, wanakwaya wenyewe waliinamisha vichwa. Baadaye tuliambiwa kwamba sokoni ng'ambo wanawake waliacha kupima unga. Tuliambiwa pia kwamba pale darajani watu walisimama kwenye foleni hata ilipofika zamu yao. Hatukuyaona hayo, lakini waliotuambia ni wengi.

Wimbo ulikwisha. Hakuna aliyesema. Bado hewa iko wazi, maikrofoni inawaka, Baba Mkubwa akajiinua kwenye kiti na kusema, bila kumuuliza Gasana, mbele ya Rusizi na Bukavu yote, "Odette, mwana wangu. Christophe alisema, na imekuwa. Matanga imekwisha."

Maman alikaa kama hajasikia. Bibi Mukantabana ndiye aliyeinuka, akamwendea na fimbo yake, akakifungua kile kitambaa kwa mikono yake mwenyewe. Nywele za Maman zimekuwa nyeupe chini yake, Papa. Hatukujua.

Véronique alizitazama nywele hizo. Na bila kuombwa na mtu akauanza wimbo tena kutoka mwanzo, kwaya ikaingia nyuma yake, na Maman akasimama.

Alicheza. Odette wako, aliyekuwa akisema kwamba reggae ni ya watu wasio na kazi, alicheza reggae katikati ya studio yako, amefumba macho, anakwenda kushoto wimbo unapokwenda kulia. Hana mdundo hata chembe. Alimkanyaga Gasana. Alimkanyaga Baba Mkubwa. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, tukalia, tukacheka tena, na yeye hakuacha mpaka wimbo ulipokwisha, na ulipokwisha akafumbua macho na kumwambia Véronique, "Rudia."

Hilo ndilo tulilotaka ulijue.

Wanaokukumbuka: mkeo Odette, binti zako Jolie na Clarisse, mama yako Mukantabana, kaka yako Niyitegeka na ukoo wote wa Nyakarenzo, shemeji yako Mukengere na ndugu wa Bukavu, Gasana na wenzako wa redio, na Véronique Uwamariya wa Bugarama, ambaye sasa tunamwita shangazi.

Siku zote, Papa, tutakukumbuka.